Nimeyasogeza Magunia Mbele

Endasak, Ijumaa saa kumi jioni

Mwanangu Paskalina,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea, na nilipokuuliza hali ulinijibu ukiwa na ndoo mkononi huku unakimbia, kwa hiyo nauliza tena kwa karatasi: hujambo kweli? Kile kikohozi cha vumbi kimepungua? Mimi sijambo. Mgongo unauma kidogo, sababu yake utaiona hapa chini. Mama yako ni mzima, yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani.

Utashangaa kuandikiwa barua na mtu mnayekaa naye nyumba moja. Wewe umekwenda kule juu kumuaga bibi yako, na ukirudi nyumba itakuwa imejaa watu waliokuja kukuombea safari, hatutapata nafasi. Kesho asubuhi mimi sitakuwepo. Usinisubiri. Mama yako ataongoza sala, na barua hii nitaiweka kwenye kiti cha dereva, mahali ambapo huwezi kukaa bila kuishika.

Neno la kwanza ni hili. Ukienda kwenye tela utakuta yale magunia ya mbegu hayapo ulipoyaweka jana. Tumeyasogeza mbele, mimi na baba yako mdogo Gwandu. Ukiitazama pikapu utaona imekaa chini kidogo kwa nyuma, springi zimelala, na mkono utakuwasha kutaka kuyarudisha. Nakuomba usirudishe hata moja kabla hujasoma hadi mwisho.

Mengine sikuandikii. Upepo wa matairi, taa za tela, ule mnyororo wa akiba unaopita chini ya ndoano, hayo unayajua kuliko mimi. Wewe umesoma udereva darasani, mimi nilijifunza kwa kutukanwa. Kikundi cha wakulima wa Basotu hawakukupa pikapu yao kwa huruma, na hawakukutuma uje kuchukua mbegu huku peke yako kwa huruma. Hata kurudi nyuma na tela, jambo lililonishinda maisha yangu yote, wewe unalifanya huku unaongea na simu, nami sipendi ukifanya hivyo, lakini tuliache.

Nataka kukueleza nilivyojifunza kupakia, na nilivyokufundisha.

Babu yako, ambaye hukumkuta, alikuwa na maksai wawili na mkokoteni. Shule mimi niliishia darasa la saba, lakini kupakia mkokoteni nilifundishwa kwa ukali kama tulivyofundishwa katekisimu. Mzee hakuangalia mzigo. Aliangalia shingo. Mzigo ukilala mbele, nira inakandamiza, na jioni unakuta shingo ya ng'ombe imechubuka, halafu mvua zinaanza na huna wa kulima naye. Kwa hiyo tulipakia, kisha tukawa tunasukuma gunia moja moja kwenda nyuma, mpaka mzee aweze kupitisha vidole vyake chini ya nira bila kubanwa. Hapo ndipo aliposema, "Sasa anapumua." Ukimsikia anasema hivyo ulijua siku yako imekwenda vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili aliposema hivyo juu ya mzigo nilioupakia peke yangu, na sijawahi kusifiwa tena namna ile.

Miaka mingi baadaye nikapata ile pikapu nyeupe, na tela lililotengenezwa na Fundi Yeremia pale Katesh. Jina hilo unalijua. Katika nyumba hii limetajwa kwa namna moja tu.

Ulikuwa darasa la tatu. Binti wa shangazi yako alikuwa anaolewa Basotu, na sisi upande wa mama tulitakiwa kupeleka mahindi na maharage ya sherehe. Tulipakia hapa hapa uwanjani. Nilipomaliza nikazunguka nyuma ya pikapu, nikaona springi zimelala, nyuma imeinama, pua imenyanyuka. Mtu mwingine angeona gari iliyoelemewa kidogo na tela, kitu cha kawaida. Mimi niliona shingo iliyochubuka.

Nikamwambia Gwandu, "Sogeza nyuma. Gari inaumia."

Alikuwa amekaa juu ya gunia anatafuna muwa. "Inaumiaje, kaka? Hii inakunywa dizeli. Haili majani."

"Sogeza wewe. Ungekuwa unajua magari ungekuwa na la kwako."

"Haya. Tuifunge na kengele basi, isipotee malishoni."

Akasogeza huku anacheka. Gunia moja, la pili, la tatu, mpaka uzito wote ukawa nyuma ya ekseli. Pikapu ikainuka. Nikaushika mkono wa tela pale unapoungwa na ndoano, nikauona mwepesi kabisa, kama unataka kunyanyuka wenyewe. Nikafurahi. Nikasema imepumua. Gwandu akajilaza mwisho kabisa wa tela, kwa sababu huko nyuma magunia yalikuwa yametengeneza kitanda kizuri.

Mpaka Katesh hapakuwa na shida, nilikwenda polepole. Baada ya hapo tulikuwa tumechelewa, na kwenye ule mteremko wa kushuka kwenda kwenye tambarare ya ngano nikaiachia gari itembee. Kwanza nilihisi kiti kinacheza, kama mtu ananisukuma mgongoni, kushoto, kulia, kushoto. Nikatazama kioo cha upande wangu nikaliona tela. Nikatazama kioo cha upande wa pili nikaliona tena. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Tela lilizunguka, likalala ubavu, likaburuzika. Mwisho mkono wake ukakatika pale ulipochomelewa, na pikapu ikaenda kusimama ndani ya ngano, nzima. Gwandu nilimkuta chini ya magunia mawili, nyonga imevunjika. Alikuwa ananiita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba apewe chumvi mezani.

Hayo yote umeyasikia, isipokuwa habari ya magunia. Sasa sikia sehemu yangu.

Watu walikuja, wachungaji wa ng'ombe na watu wa mashambani. Mzee mmoja akaokota kile kipande cha mkono kilichokatika, akakigeuza. "Kilichowaangusha ni hiki. Nani alichomelea?"

Nikasema, "Yeremia wa Katesh."

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilijibu swali tu. Niliulizwa nani alichomelea, nikataja jina. Lakini wiki chache baadaye, Gwandu akiwa bado hospitali, nilisimama kanisani kutoa ushuhuda, nikamshukuru Mungu aliyeniokoa na kazi ya fundi mlegevu. Hilo hakuna aliyeniuliza.

Na niliona kwa macho yangu, Paskalina. Wakati tela linapiga huku na huku, ule mkono ulikuwa umeshika. Wakati linalala, ulikuwa umeshika. Ulikatika mwisho kabisa, baada ya kuburuzwa, na kama usingekatika ningevutwa na mimi. Sikujua bado kosa lilikuwa wapi, lakini nilijua halikuwa pale. Nililiacha jina la mtu lining'inie pale kwa sababu lilinifaa. Mdogo wangu alikuwa kitandani, shemeji yangu, mke wake, hanisemeshi, na kila aliyekuja kutoa pole aliondoka akimlaumu mwingine, si mimi. Nilipumzika. Sina neno jingine la kueleza hali hiyo.

Kosa lenyewe nilikuja kulijua kama miaka miwili baadaye. Nilikuwa napakia tela jingine la kuazima, pembeni ya shamba la ngano, na dereva mmoja wa trekta alikuwa amekaa kivulini ananitazama. Akaniambia, "Mzee, unapakia kama una ng'ombe."

Nikamwuliza anamaanisha nini.

"Ng'ombe anabeba nira shingoni, unamwonea huruma, sawa. Gari usiionee huruma. Tela lazima liegemee ndoano kidogo, ndipo linafuata. Ukilifanya jepesi mbele na zito nyuma, mkia ndio unaokuwa dereva."

Akainuka, akaushika mkono wa lile tela kwa vidole viwili, akaunyanyua. "Umeona? Ukiunyanyua hivi kama kikombe cha chai, usiondoke." Kisha akarudi kivulini kwake.

Nilisimama pale nikalielewa lile tela la harusi lote, tangu muwa wa Gwandu hadi nyonga yake. Ilikuwa ni mimi, kwa mikono yangu, kwa elimu ya baba yangu iliyokuwa nzuri mahali pake. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilirudi nyumbani, nikala, nikaongoza sala ya jioni, sikusema. Tangu siku hiyo nimepakia vizuri, na sikumweleza mtu kwa nini nimebadilika. Wewe ulikuwa shuleni, bweni. Hukuniona nikibadilika. Ulibaki na yale ya kwanza niliyokufundisha ukiwa mdogo.

Fundi Yeremia wateja walimkimbia. Nani anampelekea tela mtu aliyetajwa kanisani? Alifunga kibanda cha Katesh akahamia Masakta, huko anatengeneza plau na baiskeli. Nilikutana naye mara moja mnadani. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mdogo wako anatembea?"

"Anatembea. Anachechemea."

"Tumshukuru Mungu." Alikuwa anafunga kamba ya mbuzi. Akasema bila kunitazama, "Ule mkono niliuchomelea pande zote mbili. Kila siku natafuta nilikosea wapi, sipaoni."

Hapo nilikuwa nimeshaambiwa na yule dereva wa trekta. Nilikuwa najua kila kitu. Nikamwambia, "Yamepita hayo, fundi," nikaenda kununua chumvi.

Sasa tuje jana. Ulilala chini ya tela na tochi na nyundo ndogo, ukagonga kila mahali palipochomelewa, ukisikiliza mlio wake kama daktari anayesikiliza kifua. Nilijivuna kukutazama. Ukatoka na mafuta kwenye paji la uso ukasema, "Baba, hapa Yeremia hajagusa. Tutafika." Ukacheka, mama yako akacheka, na mimi nikacheka.

Halafu ukapanda juu, ukaanza kusukuma magunia. Ukatazama springi, ukasukuma tena. Ukaniambia, "Nimeyapeleka nyuma, baba, gari ipumue."

Nami nikasema, "Vizuri."

Hilo "vizuri" ndilo limenifanya niandike. Usiku wa kuamkia leo nilipiga magoti kama kawaida nikawa nakuombea ulinzi wa barabarani, mteremko ule ule, tambarare ile ile. Katikati ya sala nikaona aibu. Nilikuwa namwomba Mungu azuie kitu ambacho mimi mwenyewe naweza kwenda kukisogeza kwa mikono. Niliacha sala bila kuimaliza. Sijawahi kufanya hivyo.

Nilikufundisha kuogopa chuma cha mtu mwingine, ukajifunza vizuri sana, na kile kilichotuangusha nikakuachia mikononi kama urithi. Ungefika ule mteremko na chuma kizima kabisa na mzigo wote mkiani.

Leo mchana, ulipoondoka tu, Gwandu alikuja na dumu la asali anataka umpelekee mkwewe. Nikamwomba anisaidie.

"Jana binti ameyapanga, leo wewe unayapangua," akasema. "Kaka, umezeeka vibaya."

Tukashika gunia, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, na nikamweleza tukiwa tumelishika. Sikuliweka chini mpaka nilipomaliza, maana nilijua nikiliweka nitanyamaza. Ndiyo sababu ya mgongo.

Kisha akasema, "Weka hapa, mbele ya ekseli," na tukaendelea na mengine yote hadi mwisho, na mguu wake ule. Tulipomaliza akakaa kwenye ubao wa tela.

"Nyonga ni yangu," akasema, "nimeshaizoea. Lakini Masakta nimepita kwa Yeremia mara ngapi sijamsalimia? Siku moja mke wake alinikaribisha maji, nikakataa. Nikiwa na kiu. Umenifanya mjinga, kaka, na ukaniacha mjinga miaka yote."

Nikamwambia, "Jumatatu nitakwenda kwake."

"Jumatatu ya nini?"

"Kesho Paskalina anaondoka."

"Paskalina ana mama, ana shangazi, ana kijiji kizima cha kumpungia mkono. Yeremia ana nani? Kesho alfajiri naleta bodaboda mbili. Usipokuwa tayari wewe, nitakwenda peke yangu, nitasema mimi."

Mama yako alimletea chai, hakuinywa. Aliondoka na hakuniaga. Baba yako mdogo tangu azaliwe hajawahi kuondoka bila utani.

Ndiyo maana kesho sitakuwepo. Nilitaka kukushika kichwa na kukuombea kama ndugu zako walivyoombewa walipoondoka. Nimepima, nikaona nikikaa kwa ajili hiyo nitapata sababu nyingine Jumatatu.

Mambo ya tela ni machache. Mkono wake uwe mzito kiasi kwamba mtu mmoja anahangaika kuunyanyua na wawili wanaunyanyua. Ukiwa mzito kupita hapo, pua ya pikapu inanyanyuka na usukani unakuwa mlegevu, rudisha nyuma kidogo. Likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ubaki umenyooka, subiri. Usikanyage breki kwa pupa kama nilivyofanya, wala usijaribu kulikimbia. Gia ndogo iingie ukiwa bado juu ya mteremko. Na wasindikizaji kesho watataka kupanda juu ya tela wakusindikize hadi lami kwa nyimbo. Shangazi yako ndiye atakuwa wa kwanza. Kataa. Wakisema una kiburi, waambie baba amekataza, na waje kuniuliza mimi.

Jumapili nitasimama kanisani pale pale niliposimama wakati ule. Najua watu wana simu, na habari itafika Basotu kabla ya chakula cha mchana. Huko kuna ndugu wa Yeremia, utakaa nao kikundi kimoja, utawabebea mazao yao. Watakutazama. Nilitaka uwe umelisikia kwangu, si sokoni. Sikuombi unitetee. Ukiulizwa, sema ni kweli.

Sijui fundi atasema nini. Gwandu anasema huenda akatufukuza, na itakuwa haki yake. Siendi nikitarajia anisamehe haraka ili nirudi nimetulia. Nakwenda aache kutafuta alikokosea.

Na wewe pia hulazimiki kuniambia kwamba si kitu. Fikiri kwanza. Una kilometa nyingi za kufikiria, na ukiwa na tela unakwenda polepole.

Bwana akuongoze. Mama yako anakusalimu ingawa yuko jikoni na atakusalimu mwenyewe.

Ukifika nipigie simu nijue umefika, lakini hiyo haitoshi, maana kwenye simu utasema "nimefika salama, baba," nami nitasema "haya," yameisha. Niandikie barua. Niambie tela lilikwendaje kwenye mteremko, kisha niambie unavyoniona sasa. Hata kama ni mistari miwili, hata kama ni mikali. Tafadhali usikawie kunijibu.

Ni mimi baba yako.